Shoga yangu, Wataliano usiwasubiri Disemba hii

Mestre, 24 Oktoba 2021

Shoga yangu,

Mimi mzima, watoto wazima, baridi ndo imeanza. Ujumbe wako wa sauti niliusikiliza kwenye basi la asubuhi nikienda kazini, nikaurudia tena usiku watu wamelala, maana hilo swali lako si la kujibu juu juu. Unataka kujua Wataliano watakuja Malindi Disemba ili uchukue mkopo wa chama ujaze duka vinyago. Nakwambia wazi, usiuchukue, si mwaka huu.

Si kwamba hawataki, wanataka sana, kila nikitaja Watamu mtu hapa macho yanamng'aa. Shida ni sheria. Mwisho wa mwezi wa tisa serikali ya huku imefungua njia maalum za watalii kwa nchi za mbali zilizokuwa zimefungwa, nazo ni sita tu: Misri, Maldives, Mauritius, Seychelles, Jamhuri ya Dominika na Aruba. Kenya haimo, hata Zanzibar haimo. Mtaliano wa kuja kuota jua tu kwetu bado haruhusiwi, labda wale wenye makazi rasmi huko, nao unawajua, hao hawanunui kinyago mara ya pili. Niliposoma ile orodha niliumia wallahi, nilikufikiria wewe na wale vijana wa mashua.

Lakini ngoja nikwambie nilichokiona huku, kwa sababu naona kitakufaa.

Venezia, huu mji wa mifereji ninakofanyia kazi hotelini, ulianza kuugua hata kabla ya korona. Novemba 2019 maji ya bahari yalipanda sentimita 187, maduka yakaingia maji, wageni wakaanza kufuta buking. Tukasema basi karnivali ya Februari, ile sherehe kubwa ya mji, itatuokoa, na ilianza vizuri, halafu tarehe 23 wakaikata zimebaki siku mbili ziishe, mwezi wa tatu nchi nzima ikafungwa. Wenye ajira ya kudumu walilipwa sehemu ya mshahara, sisi wafanyakazi wa msimu tukapewa yuro 600 za kuanzia, kodi ya nyumba peke yake ilikuwa inazimeza. Watu wa nje walikuwa wanaposti picha za maji ya mifereji yamekuwa masafi hadi samaki wanaonekana, wanasema jamani dunia imepumzika, na mimi najiuliza hao samaki watanilipia umeme? Maji yalitulia kwa sababu maboti hayatembei, na boti lisipotembea kuna mtu kakaa nyumbani hana kazi.

Hoteli yetu ilifungua mwezi wa sita mwaka huu. Siku ya kwanza hatukutandika hata kitanda kimoja, kazi ilikuwa kupita chumba hadi chumba kufungulia mabomba yote, ya moto na ya baridi, maana maji yaliyolala miezi mingi yanaota vijidudu vinavyoingia mapafuni. Yalianza kutoka na rangi ya chai, yanakohoa, unasimama pale unasubiri. Magodoro yananuka unyevu. Kwenye kabati la mashuka nikakuta ile karatasi yangu ya vyumba, mwandiko wangu mwenyewe, ya Februari 2020, nimeweka tiki hadi chumba cha 14 nikaacha. Nilikaa chini pale pale nikalia. Tulikuwa wanawake 11, tumerudi watano, na vyumba ni vile vile, bosi anasema tuvumilie mpaka mambo yatengemae, na mkataba tunapewa wa mwezi mwezi.

Sasa sikiliza nani aliyejaza vile vyumba. Si Mchina wala Mjapani, hao sijawaona kabisa. Wamarekani wachache. Waliokuja ni Wataliano wenyewe, Wajerumani na Waaustria, watu wa kupakia watoto kwenye gari asubuhi na jioni wamefika, wana kile cheti cha chanjo cha Ulaya kilichoanza Julai. Mwaka 2020 Ulaya ilipoteza kama asilimia 70 ya wageni wake wa kutoka nje, na wataalamu wengi wa utalii wa Umoja wa Mataifa hawatarajii hali ya 2019 irudi kabla ya 2023, karibu nusu yao wanasema 2024 au baada ya hapo. Ila Agosti hii sisi tulichoka kwa kazi! Aliye karibu ndo aliyekuja kwanza. Wale waliokuwa wanauzia Wachina mikoba ya bei mbaya bado wamefunga, lakini mzee wa aiskrimu pale darajani ana foleni.

Ndo maana nakwambia, mkopo wa vinyago achana nao. Kafyu juzi tarehe 20 imeondolewa, Disemba watu wa Nairobi watashuka, wamefungiwa tangu Machi mwaka jana, wana hamu ya bahari, na wao hawaji kununua twiga wa mbao wa kuweka sebuleni. Weka kikoi, madera, kanga zenye majina mazuri, achari ya embe ya mama yako ile kwenye chupa ndogo ndogo, na bei iandike pale nje waione, maana Mkenya mwenzio akihisi unampiga bei ya mzungu hasimami hata dakika moja. Anza na kidogo ulichonacho. Wataliano wakifunguliwa nitakuwa wa kwanza kukupigia simu, hata iwe usiku wa manane.

Mkataba wangu unaisha tarehe 31, nimeahidiwa nitaitwa karnivali, sijui nisubiri au nitafute wazee wa kulea. Ungekuwa wewe ungefanyaje? Nijibu kwa sauti, nina hamu ya kuisikia.

Nisalimie mama, mwambie ile achari aniwekee chupa mbili.

Wako wa siku zote