Mzee Pluijm msimuweke fungu la waliofukuzwa

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi nimsemee Hans van der Pluijm, Mholanzi aliyezifundisha Yanga, Singida United na Azam. Kila wanapotajwa makocha wa kigeni waliopita nchini, yeye huwekwa fungu la waliofukuzwa, na husemwa anahamahama, basi. Inaniuma, maana Machi 2014 nilikuwepo Uwanja wa Taifa.

Sisi Yanga tulikuwa tunacheza na Al Ahly ya Misri, mabingwa watetezi wa Afrika, katika Ligi ya Mabingwa. Mzee alikuwa mgeni kabisa kazini, amempokea Mholanzi mwenzake, Ernie Brandts. Dakika zikawa zinayoyoma, wengi tumeshaanza kuridhika na sare. Ikapigwa kona, Nadir Haroub 'Cannavaro' akaruka juu, kichwa, 1-0! Mtu wa kiti cha pili, nisiyemjua hata jina, alinikumbatia mpaka kofia ikanidondoka. Marudiano kule Misri tukafungwa 1-0, tukatolewa kwa penalti 4-3.

Kuwakabili Waarabu namna ile hakukuja kwa bahati. Mzee alishakaa Ghana miaka, amefundisha Berekum Chelsea na Medeama, mpira wa Afrika anaujua. Akaenda Saudi Arabia kwa muda mfupi, mwisho wa mwaka huohuo akarudi Jangwani, yaani Yanga. Tukachukua ubingwa wa ligi 2015, tukachukua tena 2016 pamoja na Kombe la FA kwa kuwafunga Azam 3-1, tukaingia na makundi ya Kombe la Shirikisho Afrika. Huko tulishika mkia, sikatai. Lakini kabla ya mwaka kwisha alishapewa ukurugenzi wa ufundi na timu akakabidhiwa George Lwandamina.

Singida United, timu iliyotoka kupanda daraja, mzee aliifikisha fainali ya FA 2018, wakafungwa na Mtibwa Sugar 3-2. Januari 2019 akawapa Azam Kombe la Mapinduzi kwa kuifunga Simba 2-1 pale Gombani, Pemba. Februari wakamwachisha kazi! Mtu kama huyu tunasemaje anahamahama? Ni sisi tusiompa mwalimu muda wa kukaa.

Ombi langu, Mhariri: mtumeni mwandishi kwa Simon Msuva, mfungaji bora wa ligi msimu wa 2014/15, na kwa Amissi Tambwe, wa msimu uliofuata. Mengi ya mabao yale waliyafunga chini yake. Waulizeni mzee alikuwa anawaambia nini mazoezini, mkaandike.

Shabiki wa Yanga,
Mbagala, Dar es Salaam