Baba, usinunue kadi kabla Mama hajashika kalamu

Berlin, Jumapili, 9 Novemba 2025

Wapendwa Baba na Mama,

Shikamooni. Kamwene. Sisi huku wazima, mjukuu wenu Upendo ana mafua ya baridi tu, na baridi yenyewe ndiyo kwanza inaanza. Msitishike. Mtakuja Juni, na Juni ya huku ina jua kuliko Juni ya Mafinga.

Ule ujumbe wa sauti wa Baba niliusikiliza kwenye treni nikirudi kutoka zamu ya usiku. Dakika kumi na moja, Baba! Tatu za salamu, nane za kadi ya watalii. Nimeelewa kwamba mzee jirani aliyekuja huku kwenye mkutano wa kanisa amekwambia kuna kadi moja ambayo ukiwa nayo mji wote unakuwa wako: treni, basi, makumbusho, meli ya mtoni. Umeshamwagiza Tumaini akuoneshe kwenye simu jinsi ya kulipia. Nakuomba, mwambie Tumaini aweke simu mfukoni kwanza.

Mzee jirani hakukudanganya. Alikaa siku tatu, alilala hotelini, hakuwa na mwenyeji, na kila asubuhi alikuwa huru mpaka usiku. Kwa mtu wa namna hiyo kadi inalipa. Ninyi mnakuja wiki mbili, mtalala kwangu, na Mama ana magoti. Hesabu zenu si moja.

Tena huku hakuna kadi moja, zipo za aina mbalimbali, na majina yake yanafanana mpaka mtu unachanganyikiwa. Inayojulikana zaidi ni Berlin WelcomeCard. Hiyo kimsingi ni tiketi ya usafiri iliyoongezewa punguzo: unapanda treni, tramu na mabasi bila kulipa tena, lakini ukifika kwenye mlango wa makumbusho bado unatoa pesa, pungufu kidogo. Watu wengi wanainunua wakidhani wataingia bure, halafu wanabaki wakibishana na binti wa dirishani ambaye hana kosa. Nyingine ni kadi ya makumbusho, Museumspass, ya siku tatu mfululizo. Hiyo inakuingiza makumbusho zaidi ya thelathini bila kulipa tena, ila basi haikupandishi. Kwa hiyo ukitajiwa kadi yoyote swali la kwanza ni moja tu: inanifungulia mlango, au inanipunguzia bei ya mlango?

Sasa niwaambie jambo ambalo sikuwahi kuwaambia, maana niliona aibu. Mwaka 2019, nilipokuwa na miezi minne tu hapa, nilinunua hiyo kadi ya makumbusho. Wakati huo ilikuwa euro 29, na kwangu zilikuwa pesa nyingi. Niliinunua Jumapili saa tisa alasiri. Nilijisemea siku tatu ni siku tatu. Kumbe siku ya kwanza ilikuwa imebaki na saa tatu! Nikaingia Neues Museum, nikamwona malkia Nefertiti, yule wa Misri mwenye shingo ndefu. Chumba chake hawaruhusu kupiga picha, ndiyo maana sikuwatumia. Saa kumi na mbili jioni wakatutoa.

Jumatatu nikaamka mapema, nikavaa vizuri, nikaenda kwenye makumbusho anakokaa mnyama wetu wa Tendaguru, yule dinosaria mkubwa aliyechimbwa Lindi. Mlango umefungwa. Nikasimama pale na kadi yangu mkononi kama mtu aliyefika stendi ya Igumbilo basi likiwa limeshapita Ipogolo. Jumatatu makumbusho mengi ya Berlin hayafunguliwi, na mtoto yeyote wa shule hapa angenieleza kama ningeuliza. Jumanne nilikuwa na zamu ya mchana, nikawahi kuingia asubuhi sehemu moja tu, kwa huyo mnyama. Basi. Tiketi ya Neues Museum ilikuwa euro 12, ya huko kwa mnyama euro 8. Jumla 20. Nilikuwa nimetoa 29. Baba, wewe uliyenifundisha kutoa na kujumlisha kwa mbegu za maparachichi, niliingia hasara ya euro tisa na nikalala njaa siku ya Jumatano.

Bei hizo ni za mwaka ule, sasa zimepanda. Lakini tangu hapo nina mtindo wangu, na hauna maajabu. Nachukua karatasi, naandika mahali ninapotaka kwenda hata kama kadi isingekuwepo duniani. Si mahali ambapo kadi inapataja, hapana, ninapopataka mimi. Pembeni naandika bei ya mlango. Nikishajumlisha, ndipo naangalia bei ya kadi. Mara nyingi jumla yangu haifiki. Orodha ya kwenye kadi ni kama meza ya harusi ya Kihesa: vyakula kumi na vinane, na tumbo ni lile lile moja.

Mtu akiniambia kadi yake ina vivutio mia mbili huwa namuuliza, kwa siku moja unaingia vingapi? Mimi nina miguu mizuri, na viwili vinanitosha. Cha tatu natazama ukuta na kiti. Baba atasema yeye ataweza vinne. Sawa, lakini kila kimoja kina foleni, kina kuacha koti na begi, kina ngazi, na vingine hata ukiwa na kadi sharti ujiandikishe saa ya kuingia. Saa zenyewe pia zinahesabiwa tofauti. Kadi ya usafiri ya saa 72 inaanza kuhesabu pale unapoigonga muhuri kwenye kile kimashine cha stesheni, kwa hiyo hata ukianza mchana hupotezi kitu. Ile ya makumbusho inahesabu siku, na mlango ukifungwa jioni siku yako imekwisha.

Na huo muhuri msiuchukulie mzaha. Wakaguzi wa huku mara nyingi hawavai sare. Anaingia kijana na jaketi lake kama abiria wengine, milango ikifungwa anatoa kitambulisho. Tiketi isiyogongwa ni sawa na kutokuwa na tiketi, na faini ni euro 60. Hakuna cha kumwambia konda "nitashukia hapo mbele".

Jambo la kanda pia. Usafiri wa Berlin umegawanywa A, B na C. Kwangu ni B, uwanja wa ndege uko C. Watalii wananunua kadi ya AB kwa sababu ni rahisi, halafu wanapanda nayo treni ya kutoka uwanjani na kuadhibiwa siku ya kwanza. Ninyi nitawapokea mwenyewe na tiketi zenu mkononi. Baada ya hapo nitawakatia tiketi za wiki za kawaida, zile wanazotumia wenyeji. Upendo hajafika miaka sita, halipishwi nauli, na makumbusho ya serikali hayamtozi mtoto chini ya miaka 18. Mjukuu wenu ndiye mtalii wa bei nafuu kuliko wote.

Halafu kuna mambo ambayo hayahitaji kadi ya watalii kwa sababu ni ya bure au yanatoshwa na tiketi ya kawaida, nayo ndiyo mazuri zaidi. Basi namba 100, kwa mfano. Ni basi la kawaida la ghorofa, linatoka stesheni ya Zoo hadi Alexanderplatz, na njiani linapita karibu na mnara wa ushindi, bunge, lango la Brandenburg na kisiwa cha makumbusho. Lilianzishwa 1990, mji ulipokuwa ndiyo kwanza unaunganishwa. Mabasi ya watalii yanafuata karibu njia hiyo hiyo kwa bei ya kukufanya ukune kichwa. Baba atapanda juu, kiti cha mbele kabisa. Mama atabaki chini na Upendo, ngazi za mle ni nyembamba na dereva haachi kukata kona kwa ajili ya magoti ya mtu.

Ukuta wa Berlin, ule uliougawa mji huu zamani, nao ni bure. Leo ninapoandika ni miaka 36 kamili tangu uanguke. Umebaki kipande kirefu mtoni, zaidi ya kilomita moja, kimechorwa michoro mwanzo hadi mwisho. Kipo na kingine Bernauer Straße ambako wameacha na mnara wa walinzi, na hapo ndipo Baba ataelewa zaidi kuliko kwenye michoro. Kuba la kioo juu ya bunge pia ni bure, ila lazima mtu ajiandikishe mapema kwa jina na tarehe ya kuzaliwa, na siku hiyo aje na pasipoti. Nitawaandikisha. Kuna lifti, Mama, usianze kulalamika.

Na kuna mahali pengine ambapo sijapaona kwenye kadi yoyote. Upande wa Wedding kuna mitaa ambayo Wajerumani waliipa majina ya Afrika wakati wa ukoloni wao na baadaye: Sansibarstraße, Tangastraße, Usambarastraße. Mmoja uliitwa Petersallee, kwa jina la Carl Peters, yule yule wa mikataba ya kilaghai uliyetufundisha darasa la tano. Mwaka jana, Agosti, waliuondoa. Kipande kimoja sasa kinaitwa Anna-Mungunda-Allee na kingine Maji-Maji-Allee. Nilisimama chini ya kibao kile siku ya mapumziko, mvua inanyesha, nikakisoma kwa sauti. Watu wakapita na mbwa wao. Nataka Baba asimame pale, nimpige picha, akaitundike sebuleni karibu na ile ya Mwalimu.

Uliniuliza pia kama kadi inaingiza mahali lilipokuwa fuvu la Mtwa Mkwawa. Halikuwa Berlin, Baba. Lilitoka Bremen, Gavana Twining akalileta Kalenga 1954, kama Babu alivyokuwa akisimulia. Berlin kuna vingine vyetu. Mkubwa kuliko vyote ni huyo mnyama wa Tendaguru aliyenifungia mlango ile Jumatatu. Mifupa yake ilichimbwa Lindi kati ya 1909 na 1913, na mamia ya vibarua wakaibeba kichwani na mabegani hadi pwani, mwendo wa siku kadhaa. Msimamizi wao alikuwa Boheti bin Amrani. Sasa mnyama huyo amesimama ukumbini, urefu wa zaidi ya mita 13, na ukiingia unaona kwanza miguu, kisha kifua, kisha unalazimika kurudi nyuma ndipo uone kichwa. Hapo nitamlipia kila mtu hata bei iwe ngapi, na tutakaa. Kuna mabenchi. Siku ile ya 2019 nilimpa dakika arobaini tu kwa sababu ya zamu, nikiwa naangalia saa, na hiyo ndiyo hasara inayoniuma zaidi kuliko euro tisa.

Kwa hiyo nimefikiri hivi. Mama asikatiwe kadi yoyote. Atalipiwa mlango kwa mlango, pale atakapopenda, na akichoka tunarudi nyumbani bila mtu kusema "lakini tumeshalipia". Mnajua jinsi Baba alivyo. Tulipokwenda Isimila mimi nikiwa darasa la sita, alitushusha kwenye lile korongo na jua la saa saba kwa sababu kiingilio kilikuwa kimelipwa, na Mama akarudi na kiatu kimoja.

Baba yeye ninaweza kumkatia kadi ya makumbusho, kwa sharti ianze Jumanne asubuhi mlango unapofunguliwa, iishe Alhamisi. Jumanne kwa mnyama, sote. Jumatano Neues Museum, na akiwa na nguvu ahamie jengo la jirani, yamekaribiana kama maduka ya Mlandege. Alhamisi Bode Museum, kwa ajili ya sarafu. Wana hazina kubwa ya sarafu pale, na Baba aje na ile sarafu ya heller ya Wajerumani yenye tundu aliyoiokota shambani, si ya kumwonesha mtu, ila akumbuke kwamba neno letu "hela" lilitokana na kitu kile. Makumbusho ya Pergamon ambayo mzee jirani alikusifia yamefungwa kwa ukarabati tangu Oktoba 2023, na sehemu inatarajiwa kufunguliwa 2027. Kwenye picha za matangazo bado yanang'aa. Hilo nalo liangaliwe kabla ya kulipa chochote: kilicho kwenye picha kipo wazi wiki hiyo?

Tafadhali msilete nyama wala maziwa, forodha hapa wanavichukua. Unga wa dona na maharage ndiyo. Mama, ule ukindu wa kusukia ulioniahidi, usisahau.

Mwisho, nilichotaka mnifanyie. Baba ana daftari lake, najua ameshaandika sehemu ishirini na tatu. Achane ukurasa mpya, Mama apewe kalamu kwanza, aandike tano. Kisha Baba aongeze tatu. Tumaini apige picha ukurasa huo na kunitumia, na mimi nitajaza bei na siku za kufunguliwa.

Wasalimieni majirani wote wa Kihesa, na mzee wa mkutano mwambieni nimemsikia.

Mwanenu