Pumzi ya mgonjwa wa sukari isipuuzwe zahanati

Mhariri,

Naomba nafasi katika gazeti lako nizungumzie vifaa vya kupima kisukari kwa pumzi. Habari zake zinasambaa kwenye simu, na hapa Tabora watu wenye sukari wananisimamisha njiani kuniuliza kama sasa wanaweza kuacha kujitoboa vidole. Mimi ni muuguzi mstaafu, na jibu langu ni hapana, wasiache. Lakini pumzi ina kazi yake, tena kubwa, na hiyo ndiyo sioni watu wakiizungumzia.

Mwili ukikosa insulini, sukari hujaa kwenye damu huku seli zikilala njaa. Mwili unaanza kuchoma mafuta, ini linayageuza kuwa ketoni, na ketoni zikizidi damu huwa na asidi. Ketoni mojawapo ni asitoni, ile ile ambayo mafundi wa kucha hufutia rangi. Huruka hewani upesi, kwa hiyo hupita kwenye mapafu na kutoka na pumzi. Mtu mzima wa afya aliyekula kama kawaida huwa nayo chini ya sehemu 1 katika sehemu milioni 1 za pumzi. Mgonjwa aliyezidiwa na ketoni anaweza kufika makumi, hata mamia. Hapo harufu yake ni kama ya matunda yaliyoiva kupita kiasi, tamu lakini inawasha puani.

Nimewapokea watoto wa namna hii wodini. Mama anafika na mtoto aliyekonda, midomo imekauka, anatapika na kulalamika tumbo. Anahema kwa nguvu na kwa kina, mbavu zinapanda na kushuka, ila ukimsikiliza kifua ni safi. Kuhema huku daktari Mjerumani Adolf Kussmaul alikueleza tangu mwaka 1874. Ukimuuliza mama polepole, atakwambia mtoto amekuwa akinywa maji bila kukata kiu, na ameanza tena kukojoa kitandani wakati alishaacha. Alikotoka ameshapewa dawa ya malaria, au sindano za nimonia. Na kipimo cha malaria kinaweza kuwa kimeonyesha malaria kweli, maana huku kwetu malaria ni ya kawaida. Kwa hiyo utafutaji unaishia hapo hapo. Linaloniuma zaidi ni pale mtoto huyo anapotundikiwa dripu ya glukosi ili apate nguvu, yaani anaongezewa kile kile kilichomjaa mwilini.

Wapo wahudumu ambao pua zao haziisikii kabisa harufu ya asitoni. Si uzembe, ndivyo walivyoumbwa. Kwa hao, kifaa cha kupuliza kingekuwa msaada mkubwa. Mtoto hatobolewi, na mwenye sukari aliyeko nyumbani anaweza kupata onyo anapoanza kuugua, kabla hajalegea.

Hata hivyo tusidanganyane. Asitoni ya kwenye pumzi haiendi sambamba na sukari ya kwenye damu. Mtu anaweza kuwa na sukari ya juu sana na pumzi yake isiwe na asitoni nyingi, na mwenye afya njema aliyefunga Ramadhani asitoni yake ikapanda bila ugonjwa wowote. Baadhi ya vifaa hudanganywa na pombe aliyokunywa mtu. Kwa hiyo hakuna anayepaswa kujipangia kipimo cha insulini kwa kupuliza, na yeyote anayewauzia wagonjwa wetu kifaa kwa ahadi hiyo anawahatarisha. Figo nazo zikishindwa, jambo linalowapata wengi walioishi na sukari miaka mingi, pumzi hunuka kama mkojo, lakini hiyo ni harufu nyingine na huja kwa kuchelewa.

Vitambuzi vingi vya vifaa hivi, yaani sehemu inayonasa asitoni, ni vya oksidi za metali. Lazima vipashwe moto ndipo vifanye kazi, kwa hiyo vinakula umeme, na unyevu wa pumzi yenyewe huvisumbua. Kifaa kilichofanya vizuri kwenye maabara ya Ulaya bado hakijaijua zahanati ya Kaliua mwezi Oktoba, joto, vumbi na umeme wa kukatika. Taasisi ya Taifa ya Utafiti wa Magonjwa ya Binadamu ina kituo hapa hapa Tabora. Naiomba Wizara ya Afya vifaa hivi vijaribiwe huku, kwa wagonjwa wetu, kabla ya kununuliwa.

Lakini mtoto anayehema leo hawezi kungoja majaribio hayo. Kila zahanati iwe na mashine ya kupimia sukari yenye vijiti vyake, maana nimeona mashine zikikaa kabatini vijiti vimekwisha, pamoja na vijiti vya kupimia ketoni kwenye mkojo. Na waganga wakuu wa wilaya watoe agizo moja: mtoto yeyote anayetapika au kuhema kwa kina apimwe sukari siku ile ile anayopimwa malaria, hata kama malaria imeonekana. Akikutwa na sukari ya juu na ketoni, aanzishiwe dripu ya maji ya chumvi na apelekwe hospitali ya mkoa ya Kitete au hospitali ya wilaya iliyo karibu usiku huo huo, wala asiambiwe arudi kesho.

Muuguzi mstaafu,
Ipuli, Tabora