Seva za akiba zijaribiwe kabla hazijalipiwa

Mhariri,

Naomba nafasi katika ukurasa wako niwafikie wakuu wa ofisi, hospitali na kampuni za hapa Mombasa ambao siku hizi hawatangazi zabuni ya mfumo wa kompyuta bila kudai seva, yaani kompyuta kuu zinazohudumia nyingine, ziwe mbili au zaidi, ili moja ikifa nyingine ishike kazi papo hapo. Dai hilo ni la haki. Kasoro iko siku ya makabidhiano, ambapo fundi huzima seva moja kwa amri ya kawaida, kazi ikahamia ya pili, watu wakapeana mikono na malipo yakaidhinishwa.

Seva iliyozimwa kwa amri haikufa, imeaga: imefunga shughuli zake, imeachia diski wanayotumia pamoja na kuiarifu ya pili kwamba inaondoka. Hitilafu za kweli haziagi. Mashine huganda taa zake zikiwaka, au mawasiliano kati ya seva mbili hukatika ilhali zote ni nzima. Hili la pili ndilo baya zaidi, kwani kila moja huamini mwenziwe amekufa, zote zikajitwalia uongozi, zikaandika kwenye diski moja na kuvuruga data. Ndiyo sababu klasta, yaani kundi la seva zinazofanya kazi kama moja, ikipangwa vyema hutegemea kura ya walio wengi, ili upande wenye mashine nyingi zinazowasiliana ndio uongoze, hata kwa kuongeza mashine ndogo ya tatu ya kupiga kura tu, na kila seva hupewa uwezo wa kumkatia umeme mwenziwe anayeshukiwa kabla ya kugusa diski.

Hata hapo pana mtego. Kadi inayopokea amri ya kukata umeme mara nyingi hutegemea umeme wa seva ile ile. Ukichomoa nyaya za umeme za seva hiyo, kadi nayo huzimika. Seva iliyobaki hutuma amri, haijibiwi, hutuma tena, na kwa kuwa haikupata uthibitisho, hukataa kuchukua kazi. Mashine nzima ipo, data ipo, na huduma imesimama. Dawa ni njia ya pili ya kukata umeme, kwa swichi inayojitegemea, lakini nani ataiagiza ikiwa nyaya hazijawahi kuchomolewa?

Wakubwa nao hukwama. Oktoba 21, 2018, kampuni ya GitHub ya Marekani, inayowahifadhia watunga programu kazi zao, ilipoteza mawasiliano kati ya vituo vyake kwa sekunde 43. Mfumo ulihamisha uongozi wa hifadhidata hadi pwani ya magharibi ya nchi hiyo wakati baadhi ya data iliyoandikwa mashariki haijafika huko, na huduma zikachukua zaidi ya saa 24 kurejea sawasawa. Kwetu, umeme ulipopotea Agosti 25, 2023, sehemu ya uwanja wa ndege wa Jomo Kenyatta ilibaki gizani kwa kuwa jenereta ya akiba ilikataa kuwaka.

Mabaharia wa meli zinazotia nanga Kilindini hufanya zoezi la kuihama meli kila mwezi, wala hakuna anayewauliza kwa nini wanasumbuka na bahari ni shwari. Napendekeza mikataba yetu iseme kwamba sehemu ya mwisho ya malipo haitatolewa mpaka, mbele ya mnunuzi, nyaya za umeme zichomolewe, mawasiliano kati ya seva yazuiwe na mashine igandishwe, mfumo ukiwa umebebeshwa kazi ya mwisho wa mwezi, maana klasta isiyo na shughuli huhama kirahisi mno. Jaribio lifanywe kabla wateja au wagonjwa hawajaingizwa humo. (Mwuzaji atakayesema mfumo wake hauhitaji hayo, aombwe aliandike hilo kwenye mkataba.) Zoezi lirudiwe kila programu zinapobadilishwa, na muda ambao huduma ilikatika uandikwe katika kumbukumbu za ofisi, si katika simu ya fundi.

Msomaji wako,
Tudor, Mombasa