Betri ya moyo haiondoi warfarini

Mhariri,

Makala yenu ya Jumamosi ilieleza vizuri jinsi betri ya moyo (pacemaker), kifaa cha umeme cha kuusukuma moyo upige, inavyopachikwa chini ya ngozi, karibu na bega. Ila pale mwandishi aliposema kuwa betri hiyo "inaponya" moyo unaopiga ovyo, naomba nipinge, maana maneno kama hayo nusura yamponze mama yangu.

Mama ana miaka 71. Ukimshika kifundo cha mkono unasikia mapigo matatu ya harakaharaka, kimya, kisha mengine yanakuja kwa fujo kama matone ya kwanza ya mvua juu ya bati. Vyumba vya juu vya moyo wake, badala ya kusinyaa kwa pamoja, hutetemeka zaidi ya mara 300 kwa dakika, na vya chini vinafuata kwa kubahatisha. Mwaka juzi akaanza kuanguka. Mara ya pili ilikuwa bombani, ndoo kichwani. Kumbe kila mtetemeko ulipokatika, moyo ulinyamaza sekunde kadhaa ndipo ukashtuka tena. Daktari akawa njia panda, kwa sababu dawa ya kupunguza mbio za moyo ingeurefusha ule ukimya. Ndiyo akawekewa betri. Kazi yake ni kuvizia: moyo ukichelewa, inausukuma. Siku hizi dawa ya kupunguza mbio anaimeza bila hofu, na hajaanguka tena.

Mtetemeko wenyewe lakini bado unamrudia. Ukija, damu inatuama katika vyumba vya juu na inaweza kuganda, na bonge likichomoka likaenda kwenye ubongo, hicho ni kiharusi. Mwenye tatizo hili hatari yake ni kama mara tano ya mtu asiye nalo. Kinachomkinga mama hapo ni warfarini, dawa ya kuzuia damu kuganda, si betri.

Sasa majirani. Wapo waliomuuliza anachajia wapi, na umeme ukikatika itakuwaje (betri inakaa miaka mingi, haichajiwi). Hao tulicheka nao. Aliyetuumiza ni yule aliyemwambia, "Bibi, umeshafungwa mashine, vidonge vya nini tena?" Nilivikuta vidonge vya wiki tatu ndani ya kopo la biskuti, chini ya nyuzi zake za kushonea. Kipimo cha kuona damu inachelewa kuganda kiasi gani (INR), kinachotakiwa kiwe kati ya 2 na 3, kilisoma 1.1. Na karatasi aliyopewa akiruhusiwa hospitali ilikuwa na tarehe ya kurudi kukaguliwa mashine. Kuhusu warfarini, hata neno moja.

Sikatai kwamba betri ina msaada hata kwa huo mtetemeko. Utafiti wa Denmark uliochapishwa 1997 ulifuatilia wagonjwa 225 ambao mtambo wa asili wa moyo wao, ule unaoanzisha kila pigo, ulikuwa umechoka. Waliowekewa waya wa betri chumba cha juu walipata mtetemeko mara chache kuliko waliowekewa chumba cha chini. Huko ni kupunguza, tena kwa wagonjwa wa aina hiyo. Ipo pia njia ya kuweka betri kisha kuunguza kwa makusudi kiungo kinachopitisha umeme kutoka juu kwenda chini, pale dawa zinaposhindwa kabisa. Mgonjwa anapumzika na mbio, lakini juu kunaendelea kutetemeka, na kuanzia siku hiyo anaitegemea mashine.

Kwa hiyo naomba mrekebishe neno "inaponya". Na madaktari wanaosoma gazeti hili, kwenye kadi ya betri andikeni kwa Kiswahili, kwa herufi kubwa, kama mgonjwa anaendelea na dawa ya kuzuia damu kuganda au la. Kadi ya mama nimeiandika mwenyewe kwa kalamu nyekundu, na kopo la biskuti nimelihamishia chumbani kwangu.

Msomaji wenu,
Tanga