Barua kwa Kasimu: ile rashasha ya Mjapani

Birmingham, 14 Oktoba

Ndugu yangu Kasimu,

Salamu nyingi kwako, kwa shemeji na kwa watoto wote. Sisi hatujambo, ila baridi ndiyo imeanza. Barua yako nimeipata, nimeisoma na kuirudia, hasa pale ulipouliza inakuwaje baba wa watoto anaweka bunduki ya vita sebuleni. Mama watoto alishauliza hivyo hivyo kabla yako. Basi kaa nikueleze taratibu.

Haifyatui, wala haitafyatua tena. Mtutu umezibwa, vyuma vya ndani vimekatwa na kuchomelewa, kisha ikapigwa muhuri na kupewa cheti na nyumba ya ukaguzi wa bunduki ya hapa Birmingham, ambayo ipo kwa mujibu wa sheria tangu mwaka 1813. Niliponunua, Wizara ya Mambo ya Ndani iliarifiwa, maana tangu Desemba 2019 ndivyo sheria inavyotaka. Wala siitoi nje kuonyesha watu. Ukionekana barabarani na kitu kama hiki, polisi hawatakusubiri uwaonyeshe cheti.

Wakusanyaji wengi wanazililia zile zilizozimwa kabla ya 1995, kwa kuwa ndani yake vyuma bado vinacheza na unaweza kumwonyesha mtoto jinsi mtambo ulivyokuwa ukifanya kazi. Aliye nayo anaruhusiwa kubaki nayo, lakini akitaka kuiuza sharti ikazimwe upya kwa kipimo cha sasa. Yangu ni ya kipimo cha sasa, imeganda. Nasikitika kidogo, ila siipingi sheria hiyo. Katika mauaji ya Paris ya Januari 2015 zilitumika bunduki zilizokuwa zimezimwa kizembe, watu wakazifufua.

Sasa bunduki yenyewe. Inaitwa Aina ya 96, kwa sababu jeshi la Japani liliipokea mwaka 2596 kwa hesabu ya kifalme ya kwao, yaani 1936. Aliyeibuni ni Kijiro Nambu. Inatumia risasi za milimita 6.5, uzito wake ni kama kilo tisa, na magazini yake ya risasi 30 inakaa juu, imepinda kama pembe ya mbuzi. Iliyoitangulia, Aina ya 11 ya mwaka 1922, ilikuwa na sanduku ubavuni la kupangia vishikizo sita vya risasi tano tano, na ndani mna tangi la mafuta ya kulainisha kila risasi. Vumbi likinasa kwenye mafuta hayo, bunduki inakwama. Ndiyo maana Nambu akaja na hii. Na chini ya mtutu kuna mahali pa kuchomeka singe! Rashasha ya kilo tisa, na bado walitaka askari akimbie nayo akichoma watu.

Ukiitazama kwa mbali utadhani ni Bren, ile rashasha ya Waingereza waliyobeba askari wa Keya (King's African Rifles). Nayo magazini iko juu, risasi 30. Kuwekwa juu kuna sababu. Mpigaji analala kifudifudi kabisa, kitako begani, na msaidizi wake anabadilisha magazini bila mwenzake kuinua kichwa. Nililala nyuma yake hapa kwenye zulia, Kasimu, nikaona jinsi mtu anavyoweza kujificha karibu mwili mzima. Halafu nikaenda upande wa pili, mbele ya mtutu, nikakaa chini. Hapo ndipo nilipomfikiria babu yako.

Unakumbuka alivyotusimulia habari za vita vya Bama, yaani Burma, na sisi tukimkatiza kutaka kujua aliua wangapi? Yeye alikuwa akirudia matope, na kwamba adui haonekani. Sasa najua alikuwa anasema nini. Divisheni ya 11 ya Afrika Mashariki, yenye alama ya kifaru, yule mnyama wa pembe, begani, ilishuka bonde la Kabaw kuanzia Agosti 1944, katikati ya masika ya kule, chakula wakiangushiwa kwa ndege. Malaria ilikuwa imelipa bonde lile jina la bonde la mauti. Wajapani walikuwa wakirudi nyuma, lakini kila kilima waliacha watu wachache kwenye mahandaki na rashasha kama hii. Anayepanda hana cha kulenga, anasikia tu. Hivyo hivyo hadi mji wa Kalewa, waliyoiteka tarehe 2 Desemba, na mto Chindwin ukawekewa daraja la kuelea la zaidi ya mita 350. Kikosi cha babu yako, cha 36 cha Tanganyika, kilikuwemo. Waruhiu Itote, yule Jenerali China wa Mau Mau, alitoka kikosi hicho hicho.

Nilipoipata nilisoma alama zake kwa kioo cha kukuzia usiku kucha. Duara nne zilizoshikana ni kiwanda cha silaha cha Kokura, Japani. Karibu yake kuna mwaka wa Showa 14, yaani wa 14 wa enzi ya mfalme wao Hirohito; ukijumlisha 1925 unapata 1939. Namba ya mtutu na ya mwili zinafanana, jambo ambalo kwa mkusanyaji lina thamani kuliko rangi nzuri. Na Kokura ndiyo iliyolengwa na bomu la atomiki la tarehe 9 Agosti 1945, kwa ajili ya kiwanda hicho. Mji ulifunikwa na mawingu na moshi, ndege ikageukia Nagasaki.

Muuzaji aliniambia imetoka Burma. Karatasi hakuwa nayo, kwa hiyo mimi siwaambii watoto kwamba imetoka Burma. Nimekataa kabisa kuivisha hadithi. Silaha hizi zikiwekwa mezani kwenye maonyesho ya huku, kibao kinataja kiwanda, mwaka na milimita, na aliyezikabili hatajwi. Akitajwa ni Mwingereza, au Mmarekani. Katika jumba la Imperial War Museum iko picha ya askari wetu wakiwa njiani kwenda Kalewa, lakini ni wangapi wanaijua? Mimi nataka pembeni ya bunduki hii pawe na karatasi yenye jina la mzee, namba yake ya jeshi na kikosi chake, kwa Kiswahili na kwa Kiingereza, na nikiondoka duniani viende pamoja kwenye jumba la makumbusho litakalokubali kuviweka pamoja. Jumba lisilotaka karatasi, bunduki nayo halipati.

Kwa hiyo nakuomba, ukienda kijijini muulize shangazi juu ya lile sanduku la bati. Naamini cheti chake cha kuachishwa jeshi kimo humo, na kama mchwa hawajakigusa, kipige picha pande zote mbili, hata ile yenye madoa. Jina liandikwe kama lilivyoandikwa kule, hata kama karani alilikosea. Na muulize shangazi kama anaridhia, maana ni baba yake. Akikataa, nitaheshimu.

Wasalimie wote. Nasubiri jibu lako.

Rafiki yako,
Zuberi