Jino langu na yule mchoraji wa bahari

Ndugu Mhariri,

Naomba kanafasi kwenye ukurasa wako wa barua. Mi ni mchora mabango hapa Tandika, saluni, bucha, milango ya gereji, zote hizo kazi zangu, kwa hiyo rangi nazijua, ila mwezi uliopita nimeumbuliwa na jino moja la mbele.

Lilivunjika nikitafuna mfupa. Nikaenda kliniki moja hapa mjini, nikaachama karibu saa nzima wakichonga, halafu ndo dokta akaleta kale kakipimo kenye vijino vya mfano 16 vimepangwa kama funguo, akavilinganisha hapo hapo chini ya taa ya tyubu, akasema hiki hapa, B1, ndo jina la rangi yenyewe. Siku ya kuvalishwa jino jipya, kwenye kioo nikaona safi tu. Natoka juani, konda wa daladala ananikodolea macho, "Mzee, hilo moja umelitoa Kariakoo?" Jeupe pee kama chaki, wenzake wote rangi ya mahindi ya kuchemsha!

Jirani yangu kijana anatengeneza meno ya bandia maabara. Akanipiga picha kwa simu akaitoa rangi, ikabaki nyeusi na nyeupe, na jino likawa linawaka peke yake kama balbu. Akaniambia baba, hapo kosa ni mwangaza wa jino lenyewe, yaani weupe wake, na tena meno yakikaa wazi muda mrefu yanakauka yanazidi kuwa meupe, rangi inachaguliwa kabla hawajaanza kuchonga, tena karibu na dirisha, na usilikazie macho zaidi ya sekunde chache maana jicho linachoka.

Sasa kilichonifanya niandike ni kwamba haya ya mwangaza yametokana na mchoraji mwenzangu bana! Albert Munsell, Mmarekani wa Boston, kazaliwa 1858, alikuwa anachora mandhari, hasa bahari, na anafundisha chuo cha sanaa. Alikereka watu kuita rangi kwa majina ya vitu (angetusikia sisi na chungwa, zambarau, majivu na kahawa sijui angesemaje), mwaka 1905 akatoa kitabu kwamba kila rangi ipimwe mara tatu: ni rangi gani, ina mwangaza kiasi gani kuanzia 0 nyeusi tii mpaka 10 nyeupe kabisa, na imekolea kiasi gani. Kukolea si tunakujua, chai si inakolea? Mwanzo alizipanga kwenye mpira, ikagoma, maana nyekundu inakolea sana katikati na njano inakolea kule juu kwenye mwangaza, umbo likaishia kama mti wenye matawi yasiyolingana.

Alifariki 1918, meno wala hakuyafikiria. Lakini wa meno wakachukua hesabu yake, na mwaka 1998 kikatoka kipimo kinachoanza na mwangaza kwanza, ukolezi na rangi baadaye. Kwangu mi hiyo ndo akili, maana konda hakuona rangi, aliona mwanga.

Madokta wetu naomba tu mtusogeze dirishani kabla ya kuwasha hiyo mashine ya kuchonga. Mi wamekubali kunirekebishia, narudi Jumatatu saa nne asubuhi jua likiwa zuri, na huyo kijana naenda naye.

Mchora mabango,
Tandika, Dar es Salaam